Kambi za Magari katika Hifadhi za Umma za Marekani

Nchini Marekani desturi ya kupiga kambi kwa starehe ilianza kabla ya gari. Kwa mkulima, mwanajeshi na mchunga ng'ombe wa karne ya 19, kulala chini ya turubai ilikuwa shida ya kazi, wala hapakuwa na aliyeiita burudani. Mwaka 1869 mchungaji mmoja wa kanisa huko Boston, William H. H. Murray, alichapisha kitabu cha kuwasifia watu wa mijini milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York. Kiangazi cha mwaka huohuo vijiji vya huko vikafurika wageni wasiojua kufunga kamba ya hema wala kuwasha kuni mbichi, na magazeti yakawaita wapumbavu wa Murray. Kicheko kilipita, lakini desturi ikabaki.

Tarehe 1 Machi 1872 Bunge la Marekani liliitenga Yellowstone kuwa bustani ya umma, kwa faida na burudani ya wananchi. Washoshone, Wabannock na wenyeji wengine waliowinda na kukata kuni humo kwa vizazi hawakuhesabiwa miongoni mwa wananchi hao. Agosti 1877, kabila la Nez Perce lilipokuwa likilikimbia jeshi, lilipita katikati ya hifadhi hiyo changa na kuwakuta watalii wametandaza vitanda vyao. Baadhi yao wakatekwa kwa muda. Huenda hakuna tukio linaloonyesha kwa uwazi zaidi kwamba ardhi ambayo mmoja aliifanya mahali pa kupumzika ilikuwa kwa mwingine njia ya kuokoa maisha.

Katika miaka hiyo wageni wa Yellowstone walikuwa wa daraja mbili. Mwenye fedha alishuka kwenye treni, akapanda gari la farasi la kampuni, akalala hotelini. Wakulima wa Montana, Idaho na Wyoming walikuja na mikokoteni yao wenyewe, wakafungua farasi wale majani, wakajipikia maharage na nyama ya nguruwe ya chumvi, na kulala popote palipokuwa na maji. Hapakuwa na kiwanja kilichopimwa wala namba ya nafasi. Jeshi, ambalo lilisimamia hifadhi hiyo kuanzia 1886 hadi 1918, lilijali zaidi moto usiozimwa na watu waliochonga majina yao kwenye mawe ya chemchemi za maji moto.

Gari liliingia hifadhini kwa kubishaniwa. La kwanza lilifika Bonde la Yosemite mwaka 1900, likawashangaza watu. Kufikia 1907 magari yalikuwa yamepigwa marufuku humo, na hayakuruhusiwa tena hadi 1913. Mount Rainier iliyakubali mapema zaidi, mwaka 1908. Yellowstone ilifungua malango yake tarehe 1 Agosti 1915, na kila gari lililipa kati ya dola 5 na 10 kulingana na idadi ya viti, fedha nyingi kwa wakati ule. Farasi waliogopa, magari waliyoyavuta yakakaribia kupinduka, lakini mvutano huo haukudumu: kufikia msimu wa 1917 kampuni za usafiri zilikuwa zimebadilisha farasi zao kwa mabasi.

Mwaka 1916, tarehe 25 Agosti, iliundwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Mkurugenzi wake wa kwanza, Stephen Mather, alikuwa tajiri wa biashara ya boraksi ambaye alijua kuuza bidhaa, na bidhaa aliyokabidhiwa sasa ilikuwa milima. Hesabu yake ilikuwa ya kisiasa. Hifadhi isiyotembelewa haina mtetezi bungeni, na njia ya haraka ya kuleta watu ilikuwa gari. Wageni wa hifadhi zote, ambao mwaka 1916 walikuwa chini ya 400,000, walipita milioni moja mwaka 1920. Mwaka 1921 Mather alichangia pia kuitisha mkutano wa Des Moines, Iowa, ulioyahimiza majimbo yaanzishe hifadhi zao wenyewe. Wazo lililoenea baadaye lilikuwa kwamba msafiri akute hifadhi ya jimbo kila baada ya maili mia moja, yaani mahali pa kulala kila jioni ya safari. Kwa kufanya hivyo Mather aliziokoa hifadhi kutoka kwa wachimba madini na wakata magogo, akazikabidhi kwa magurudumu. Wahifadhi wa leo bado wanabishana kama biashara hiyo ilikuwa na faida.

Gari lenyewe lilikuwa hasa Ford ya Model T, iliyotoka mwaka 1908 kwa dola 850 na kushuka bei hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Familia ya karani au mwalimu iliweza kulinunua. Hema lilifungwa ubavuni mwa gari, nguzo yake moja ikiwa ni mlango au paa la gari lenyewe. Magodoro yalikunjwa juu ya viti, na masanduku ya chakula yakapangwa kwenye ubao wa kukanyagia. Kampuni ya Coleman ya Wichita, Kansas, ilianza mwaka 1923 kuuza jiko la kukunjwa la kambini, lenye tangi dogo la mafuta linalojazwa upepo kwa pampu ya mkono. Jiko hilo lilimwondolea mama wa nyumba shida ya kutafuta kuni kavu jioni ya mvua, na pengine lilieneza desturi ya kambi kuliko matangazo yote ya Mather.

Mwanzoni msafiri alilala alipochoka: kando ya barabara, uwanjani mwa shule, shambani mwa mtu. Wakulima walianza kulalamika juu ya uzio uliokatwa kwa ajili ya kuni na matunda yaliyochumwa bila ruhusa. Miji ndiyo iliyopata jawabu. Kuanzia karibu 1920 mamia ya miji, hasa ya magharibi na katikati ya nchi, ilitenga viwanja vya kambi bila malipo, kwa matumaini kwamba mgeni atanunua petroli, mkate na tairi kabla ya kuondoka. Kiwanja cha Overland Park mjini Denver, kando ya Mto South Platte, kilikuwa na ekari 160 na nafasi zipatazo 800. Kilikuwa na jengo la ghorofa lenye mabafu, sehemu ya kufulia, mgahawa na duka, na jioni watu walicheza dansi humo. Gari la Texas liliegeshwa ubavuni mwa gari la Ohio, na watu ambao nyumbani kwao hawakumjua jirani wa pili waliazimana chumvi.

Ukarimu huo ulikuwa na mpaka. Kadiri magari mitumba yalivyozidi kuwa rahisi, ndivyo walivyokuja vibarua wa mashambani, familia zisizo na makazi, na watu waliokaa wiki baada ya wiki bila kununua kitu. Viwanja havikuwa vimetengwa kwa ajili ya hao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 miji mingi iliweka ada ya senti 25 au 50 kwa usiku na kupunguza siku za kukaa. Ada ilipowekwa, mtu binafsi naye aliona anaweza kushindana na serikali ya mji: akajenga vibanda, akaweka kitanda na taa. Hoteli ya kwanza kujiita moteli ilifunguliwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925. Kambi za miji zilianza kufungwa, na waliotaka bado kulala nje wakasukumwa kwenye hifadhi.

Pembeni mwa umati wa Model T kulikuwa na matajiri waliojaribu kusafiri na nyumba nzima. Kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha New York mwaka 1910 gari ambalo kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda, sinki lake lilikunjwa nyuma ya dereva, na chungu cha haja kilifichwa chini. Mwaka 1915 Roland Conklin, mwenye kampuni ya mabasi, aliiendesha familia yake kutoka jimbo la New York hadi San Francisco ndani ya basi kubwa lenye jiko, vitanda na bustani juu ya paa. Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone walipiga kambi pamoja karibu kila kiangazi hadi 1924, mwandishi wa mambo ya asili John Burroughs akiwa nao hadi kifo chake mwaka 1921, wakifuatwa na malori, wapishi na wapiga picha; mwaka 1921 Rais Warren Harding aliwatembelea kambini mwao Maryland. Ni vigumu kuita safari kama hizo maisha ya porini. Hata hivyo picha zake katika magazeti ziliwafanya watu wa kawaida waone kwamba kulala hemani hakumshushi mtu hadhi.

Watu wa kawaida nao walikuwa na chama chao. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wasafiri waliokuwa wakiukimbia msimu wa baridi walianzisha Tin Can Tourists, watalii wa makopo. Alama yao ilikuwa kopo lililochomelewa juu ya kifuniko cha rejeta. Kila msimu wa baridi walikutana Florida, wakaimba, wakabadilishana habari za barabara, na kuonyeshana matrela waliyojiundia kwa mbao nyuma ya nyumba zao. Mikutano hiyo ilikuwa maonyesho ya ufundi kabla hata kiwanda cha matrela hakijawa na jina.

Wakati huohuo ardhi ilianza kudhihirisha gharama. Katika hifadhi za California magari yaliendeshwa popote palipo wazi kati ya miti. Majani yaliisha, vichaka vikavunjwa, na vumbi likachukua nafasi ya nyasi. Idara ya Hifadhi za Taifa na jimbo la California zilimwomba Emilio Meinecke achunguze. Huyu alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika Idara ya Misitu, na kazi yake ya kawaida ilikuwa kuvu wa miti. Alichokiona chini ya miti mikubwa ya redwood na sequoia hakikuwa ugonjwa. Mizizi inayolisha miti hiyo iko karibu sana na uso wa ardhi. Tairi, na nyayo za maelfu ya watu, hukandamiza udongo mpaka maji na hewa visiingie, na mzizi hufa pole pole bila jani kuonyesha dalili yoyote kwa miaka kadhaa. Mti wa umri wa zaidi ya miaka elfu ungeweza kuuawa na watu waliokuja kuustaajabia.

Meinecke aliandika sera ya viwanja vya kambi mwaka 1932. Hakupendekeza kuyafukuza magari. Alifahamu kwamba mwenye miguu huzunguka kichaka, lakini dereva hukipita juu, kwa hiyo alipanga ardhi ili dereva asiwe na la kuchagua. Barabara nyembamba ya njia moja ilizungushwa ndani ya msitu. Kutoka kwenye barabara hiyo kilichepushwa kijia kifupi kwa kila familia, chenye urefu wa gari moja, kikikingwa pande zote kwa magogo au mawe makubwa yaliyozikwa nusu. Kando ya kijia palikuwa na meza nzito isiyosogezeka, jiko la mawe na mahali pa kusimamisha hema. Vichaka viliachwa katikati ya nafasi moja na nyingine ili kila familia ijione iko peke yake. Vitu vyote vilikuwa vizito kwa makusudi: meza isipohama, nyayo huishia palepale, na sehemu iliyobaki ya msitu hupona. Ni mpango wa mtu aliyeuheshimu udongo kuliko alivyowaamini wageni, na mpaka sasa haujapatikana ulio bora. Yeyote anayelala leo katika hifadhi ya Marekani, ya taifa au ya jimbo, analala ndani ya mchoro wa Meinecke.

Mchoro huo ungebaki kwenye karatasi lau si Mdororo Mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliunda jeshi la vijana wa kazi za misitu na hifadhi, CCC. Hadi lilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita ndani yake. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani kwao. Walipanda miti, wakajenga vyoo, maghala, madaraja ya mawe na meza za magogo, na mamia ya hifadhi za majimbo zilitokana na mikono yao. Majiko ya mawe waliyoyajenga bado yanapikiwa nyama katika majimbo mengi.

Umma uliojengewa kambi hizo haukuwa wote. Kusini mwa nchi hifadhi nyingi zilikuwa za weupe tu, au zilikuwa na kona ndogo ya Weusi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimbo la Virginia, kambi na vibanda vya Lewis Mountain vilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya Wamarekani Weusi peke yao. Waziri wa Mambo ya Ndani, Harold Ickes, alipinga ubaguzi huo, lakini Shenandoah haikuuondoa kabisa mpaka karibu 1950. Kwa msafiri Mweusi swali la wapi alale halikuwa la starehe. Tangu 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa Harlem, alikuwa akichapisha orodha ya nyumba, hoteli na vituo vya petroli vilivyowapokea wasafiri Weusi. Familia nyingi zilibeba chakula chote na kulala ndani ya gari kwa sababu hazikuwa na hakika ya mlango utakaofunguliwa. Mahakama ilipoiamuru South Carolina mwaka 1963 iwaruhusu watu wa rangi zote katika hifadhi za jimbo, jimbo lilichagua kuzifunga zote. Zilifunguliwa tena kwa sehemu mwaka uliofuata bila kambi, na kambi zikarudi mwaka 1966. 

Matrela yalifika hifadhini mara tu baada ya mchoro wa Meinecke, ambao haukuwa umepangwa kwa ajili yake. Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alichukizwa na hema lililokataa kusimama wakati wa mvua, akaunda kijumba cha magurudumu, na katikati ya miaka ya 1930 kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya matrela. Wally Byam alitoa mwaka 1936 trela la Airstream Clipper, lililovalishwa bati la aluminiamu lililopigwa ribiti kama ndege. Mchumi Roger Babson alitabiri kwamba baada ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangeishi ndani ya matrela. Utabiri huo haukutimia, lakini wasanifu wa hifadhi waliuchukulia kwa uzito. Kijia cha Meinecke kilimtaka dereva arudi nyuma ili atoke, na kurudisha nyuma gari lenye trela ni ufundi usiopatikana kwa kila mtu. Kitabu cha michoro cha Idara ya Hifadhi cha mwaka 1938, kilichohaririwa na Albert Good, kilionyesha tayari nafasi za kupitiliza: gari huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha yote. Petroli na mipira viligawiwa kwa mgao, na matrela yakawa makazi ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Vita vilipokwisha, watu wenye likizo za malipo na magari mapya walizivamia hifadhi zilizokuwa zimeachwa bila fundi. Waliotembelea hifadhi za taifa mwaka 1940 walikuwa karibu milioni 17; mwaka 1955 walikaribia milioni 56. Vyoo vilifurika na mahema yakagusana kamba. Mwanahistoria Bernard DeVoto alipendekeza mwaka 1953, katika jarida la Harper's, kwamba hifadhi zifungwe mpaka Bunge litoe fedha. Fedha zilitoka. Mkurugenzi Conrad Wirth aliongoza kuanzia 1956 mpango wa miaka kumi ulioitwa Mission 66, uliogharimu karibu dola bilioni moja kwa barabara, vituo vya wageni na maelfu ya nafasi mpya za kambi. Mwaka huohuo wa 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, kilomita zipatazo 66,000. Safari ndefu ya pwani hadi pwani, ambayo mwaka 1903 ilimchukua msafiri wa gari Horatio Nelson Jackson siku 63, iliingia ndani ya likizo ya kawaida.

Gari na nyumba viliunganishwa kuwa kitu kimoja katika kipindi hichohicho. Ray Frank wa Brown City, Michigan, alijiundia gari-nyumba mwaka 1958 kwa ajili ya safari ya familia, kisha akaanza kuyauza. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kuyatoa kwa mfululizo wa kiwandani, kwa bei iliyowafikia watu wa kipato cha kati. Mwandishi John Steinbeck naye alizunguka nchi mwaka 1960 na mbwa wake katika lori lenye kibanda mgongoni. Mwaka 1962 Dave Drum wa Billings, Montana, alipoona msururu wa magari yakielekea kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle, aligeuza shamba lake la kando ya Mto Yellowstone kuwa kambi ya kulipia. Kutokana na hiyo ukazaliwa mtandao wa KOA, mshindani mkubwa wa kambi za umma.

Afrika Mashariki iliguswa na wimbi hilo mara moja, kwa namna iliyowaacha watoto wa njiani midomo wazi. Wally Byam wa Airstream alikuwa na mazoea ya kuongoza misafara ya wateja wake katika nchi za mbali. Mwaka 1959 matrela 41 ya Airstream yaliteremshwa Cape Town, na mwaka uliofuata yaliingia Cairo baada ya kuvuka bara zima kwa tope, mawe na mito isiyo na daraja. Njiani wasafiri walipokewa na Mfalme Haile Selassie mjini Addis Ababa. Huko hapakuwa na kijia cha Meinecke wala bomba la maji. Matrela yalipangwa duara, na kila mtu alijitegemea kwa tangi lake.

Kujitegemea kwa tangi ndiko kulikoleta tatizo la mwisho la kihandisi. Hema halina maji taka, ila gari-nyumba linayo kila siku. Miaka ya 1950 na 1960 hifadhi zililazimika kujenga vituo vya kumwagia: sakafu ya saruji yenye mteremko, tundu lenye mfuniko, na mpira wa kusuuzia. Mwenye gari huvaa glavu na kuunganisha bomba nene. Hufungua kwanza valvu ya tangi la choo, na likiisha hufungua ya maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili povu la sabuni lisafishe bomba. Asiyefuata mpangilio huo hujulikana na foleni nzima iliyo nyuma yake. Umeme ulifuata njia nyingine. Hifadhi za taifa zilikataa kwa sehemu kubwa kuweka nguzo za umeme, zikaacha huduma hiyo kwa wakandarasi. Majimbo, yanayotegemea zaidi ada za wageni, na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi chenye kambi kando ya mabwawa, waliweka soketi za ampea 30, kisha 50 kwa magari yenye viyoyozi viwili. Ndiyo maana msafiri wa leo hukuta giza na ngurumo ya jenereta katika hifadhi mashuhuri, lakini katika hifadhi ndogo ya jimbo asiyoijua mtu hulala kwa kiyoyozi. Huko Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge, yenye umeme, maji na bomba la taka, hairuhusu hema wala trela la turubai kabisa, kwa sababu dubu wa grizzly hupenda eneo hilo.

Malipo yalibadili pia sura ya wageni. Kuanzia 1965 sheria mpya iliruhusu hifadhi kutoza ada za matumizi kwa upana zaidi, na katika miaka ya 1970 ilitolewa pasi kwa raia wa miaka 62 na kuendelea, iliyowapunguzia nusu ya bei ya kambi. Kwa miaka mingi pasi hiyo ya maisha iligharimu dola 10. Mwaka 2017 ilipanda hadi 80, na bado ni rahisi. Wastaafu wakawa wenyeji wa barabara: kaskazini kiangazi, kusini wakati wa theluji. Wengine hukaa msimu mzima bila kulipa, kwa kujitolea kuwa wasimamizi wa kambi, wanaoandikisha wageni na kufagia majiko kwa malipo ya nafasi yenye umeme. Wengine hujificha baridi katika jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako tangu 1983 serikali kuu imetenga maeneo ya kukaa kwa miezi, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili.   Kwingineko kanuni ya kawaida ni siku 14, kisha mtu ahame.

Mvutano wa sasa ni wa nafasi. Hadi miaka ya 1970 aliyefika kwanza ndiye aliyelala. Kisha zikaja simu na kompyuta, na leo nafasi za Yosemite za kiangazi huisha dakika chache baada ya kufunguliwa mtandaoni, miezi kadhaa kabla. Mwaka 2021, watu walipokuwa wakikwepa hoteli kwa hofu ya Uviko-19, viwanda vya Marekani, vingi vikiwa karibu na Elkhart, Indiana, vilitoa zaidi ya magari-nyumba na matrela 600,000, idadi isiyowahi kufikiwa. Mengine yana urefu wa mita 13, na tangu 1990 kuta zake husukumwa nje kuongeza sebule. Kambi hazikukua kwa kasi hiyo. Nafasi nyingi bado zina urefu ule wa miaka ya 1930 au 1960, na baadhi ya barabara ni za zama hizohizo. Barabara ya Going-to-the-Sun katika Hifadhi ya Glacier, iliyofunguliwa 1933, hairuhusu katika sehemu yake ya juu gari au trela lenye urefu unaozidi mita 6.4. Anayekusudia safari ndefu ya hifadhini apime gari lake kwanza, kutoka bampa hadi bampa pamoja na trela na baiskeli zilizofungwa nyuma, ndipo aanze kutafuta nafasi ya kulala.